Binti Yangu Anabeba Mifuko ya Gofu, na Papa Yake Ameapa

Shikamoo Mjomba,

Nakuandikia usiku, wote wamelala. Sisi ni Wabembe wa Fizi. Tulikaa kambi ya Nyarugusu kule Kigoma miaka kumi na moja, na mwaka 2014 tukaletwa Chicago. Tunaishi mtaa wa Rogers Park. Mume wangu anafanya kazi ya usiku kwenye ghala, mimi nasafisha vyumba vya hoteli. Watoto ni watano. Huyu anayenikosesha usingizi ni wa pili, msichana wa miaka 16, yuko darasa la 10. Karatasi zetu zote ziko sawa, kadi ya kijani tunayo.

Karibu na kwetu kuna Warren Park, na ndani yake kuna uwanja mdogo wa gofu wa mashimo tisa. Mtoto akiwa na miaka 12, mwalimu wa michezo aliwapeleka pale kwenye mafunzo ya bure ya watoto. Akapenda. Walimpa vijiti vitatu vya zamani, akawa anazungusha soksi anafanya mpira, anaupiga kwenye korido mpaka uingie kikombeni. Nilicheka. Nilijua yatapita kama yalivyopita mambo ya ngoma.

Kiangazi kilichopita mwalimu wake wa gofu akamwambia kuna klabu ya matajiri kaskazini ya mji inatafuta vijana wa kubeba mifuko ya wachezaji. Kedi, wanaita. Akasema ukibeba vizuri na ukisoma vizuri kuna ufadhili unaolipa chuo kikuu miaka minne. Mimi nilikubali. Papa yake sikumwambia, kwa sababu nilimjua. Tukasema mtoto anakwenda maktaba. Alfajiri anachukua treni pale stesheni ya Lunt, papa yake anarudi kazini saa moja asubuhi anaanguka kitandani. Hawakuwahi kukutana mlangoni.

Mwezi wa tatu papa yake alikuwa anatafuta fomu za kodi chini ya kitanda cha watoto, akakuta boksi la viatu. Ndani dola 640, noti ndogondogo, zimefungwa kwa kibanio cha nywele. Mjomba, mwanaume akikuta pesa namna hiyo kwa binti wa miaka 16, unajua alichofikiria. Nilimkuta amekaa kitandani amezishika, hasemi. Ikabidi niseme mimi.

Nilidhani atashusha pumzi. Ikawa vibaya zaidi. Alisema: "Babu yake alibeba magunia bandari ya Kalundu mpaka mgongo ukapinda. Mimi nimebeba mihogo ya watu Kigoma nilipwe mihogo. Tumevuka bahari yote hii ili mtoto wa kike abebee wazungu mizigo wakicheza?" Ameapa hatakanyaga kule tena. Huu mwezi wa pili anasema na mimi kwa ishara tu. Msimu umeanza, klabu wamepiga simu mara mbili.

Kanisani maneno yamefika. Mama mmoja aliuliza mbele ya watu ni msichana gani anaamka alfajiri kufuata wazee majanini.

Na sasa kuna jamaa, mtu wa kwetu, mvaa suti. Anasema kubeba ni kupoteza wakati, mtoto acheze, kwa sababu kila mwaka ufadhili wa gofu ya wasichana unabaki hauna mtu wa kuuchukua. Yeye ataupata kwa dola 1,800, nusu tumpe sasa. Anasema tena zile pesa za kusaidia vijana Weusi ni za Weusi waliozaliwa hapa, sisi hatuzipati mpaka uwe na mtu ndani. Mume wangu amempenda kwa sababu kwake mtoto "anacheza, habebi". Anataka tumpe ile 640 ya boksi tuongezee.

Mimi sijui gofu, sijawahi hata kugusa zile nyasi. Huo ufadhili wa makedi upo kweli au tumedanganywa? Nimsikilize nani?

Aksanti,
Mama wa Rogers Park

*

Marahaba, mpwa wangu.

Nianze na jamaa wa suti, kwa sababu huyo ndiye anayeweza kuwatia hasara wiki hii. Msimpe hata senti. Maombi ya ufadhili Marekani hayana dalali. Fomu ya FAFSA, ambayo ndiyo mlango wa msaada wa serikali kwa masomo, haina ada, na mwenye kadi ya kijani anaijaza sawa na raia. Hilo la ufadhili wa gofu ya wasichana unaobaki bila mtu nimelisikia kwa miaka mingi, kila mara kutoka kwa mtu anayeuza kitu. Lina chembe ya ukweli ndani yake, ndiyo maana halifi. Tangu sheria ya mwaka 1972 iliyolazimisha shule kuwapa wasichana nafasi sawa, vyuo vimeunda timu nyingi za wanawake, na timu hizo zina pesa. Lakini kocha wa chuo haokoti mtu njiani. Anataka kuona umepiga mashimo 18 kwa mikwaju mingapi, kwenye mashindano yaliyosajiliwa, siku mbili tatu mfululizo, mwaka hadi mwaka. Mashindano hayo yana kiingilio, yana hoteli, yana mzazi mwenye gari na Jumamosi zake huru. Na hata timu inapomchukua, mara nyingi anapewa kipande cha karo. Vyuo vya daraja la tatu la michezo ya vyuo, na vile vinane vikongwe vinavyoitwa Ivy League, havitoi kabisa ufadhili wa michezo. Binti yako anacheza mashimo tisa ya Warren Park. Acheze, tena aendelee, ila msiuze shamba kwa ajili ya hilo.

Kuhusu kuzaliwa hapa au kule: kuna mifuko ya fedha za ufadhili iliyoundwa kwa ajili ya vijana wa makundi ya wachache kwenye gofu. Unaojulikana zaidi aliuanzisha Bill Dickey, Mmarekani Mweusi, huko Phoenix mwaka 1984, baada ya kuona vijana Weusi wanacheza vizuri na chuo hawaendi. Leo unaitwa Bill Dickey Scholarship Association, na mtoto wako akiendelea na mchezo aombe na huko. Tangu Mahakama Kuu ya Marekani ilipotoa ile hukumu ya Juni 2023 iliyozuia vyuo kuangalia rangi ya mtu katika kupokea wanafunzi, mifuko mingi imeandika upya masharti yake, kwa hiyo msome fomu ya mwaka huu, msimsome jamaa. Na sijui huyo "mtu ndani" angekaa ndani ya nini.

Sasa swali lako. Ndiyo, upo. Unaitwa Evans Scholarship, na habari yake inaanzia karibu na mlango wako kuliko unavyodhani.

Chick Evans alikulia Chicago, na akiwa mtoto mdogo alikuwa kedi wa klabu ya Edgewater. Alibeba, akajifunza kwa kutazama, na mwaka 1916 akashinda mashindano mawili makubwa ya Marekani, yale ya wazi na yale ya wachezaji wa ridhaa, yaani wasiolipwa. Kabla yake hakuna aliyewahi kuyashinda yote mawili katika mwaka mmoja. Alikuwa amewahi kuingia Chuo Kikuu cha Northwestern, hapo Evanston, hakumaliza. Baadaye akarekodi santuri za kufundisha gofu, zikaleta pesa ambayo hakuweza kuila, maana angeila asingehesabiwa tena mchezaji wa ridhaa. Mama yake ndiye aliyetoa wazo kwamba pesa hiyo iwasomeshe makedi. Mwaka 1930 vijana wawili wa kwanza wakaingia Northwestern kwa pesa hiyo. Leo wanaosomeshwa kwa wakati mmoja wanazidi 1,000, katika vyuo vikuu zaidi ya ishirini, Chuo Kikuu cha Illinois kikiwemo.

Na ile klabu ya Edgewater? Ilikufa. Kiwanja chake cha mwisho ndicho hicho mnachokiita Warren Park. Pale watoto wenu wanapotelezea theluji mwezi wa kwanza, pale binti yako alipopewa vijiti vitatu, palikuwa pa klabu aliyoibebea Evans. Mwambie papa yake hilo, lakini si leo. Leo ana mengine.

Ufadhili wenyewe unalipa karo na malazi, miaka minne. Wanafunzi wengi hukaa pamoja katika nyumba ya Evans ya chuo hicho. Chakula, vitabu na nauli jipangeni. Mtoto anapimwa kwa mambo manne: amebeba vipi, amesoma vipi, nyumbani kuna uwezo gani, na ni mtu wa tabia gani. Ujue pia kwamba hawaulizi kama anajua kucheza. Wapo waliosomeshwa na gofu miaka minne na hawawezi kupiga mpira ukavuka barabara.

Kubeba kwenyewe ndiko kunakohitaji muda. Wanataka walau miaka miwili ya kazi ya kudumu, na klabu inaandika kila mzunguko aliobeba, na klabu hiyo hiyo ndiyo inayompendekeza. Hesabu mwenyewe. Alianza kiangazi kilichopita. Kiangazi hiki ni cha pili. Kiangazi kijacho, akitoka darasa la 11, ndipo fomu zinapofunguliwa, na vuli zinafungwa. Akikosa msimu huu, daftari la klabu litaonyesha kijana aliyekuja miezi mitatu akapotea. Hakuna barua ya mchungaji itakayoziba tundu hilo. Kwa hiyo zile simu mbili za klabu zijibiwe wiki hii, apige binti mwenyewe kwa sauti yake, aseme kuna jambo la familia na anaomba siku kumi. Watamwelewa. Mtu anayesema hupewa siku kumi, anayenyamaza hufutwa.

Lakini siku kumi hizo ni za kumalizana na mumeo, na hapo ndipo nitakukalia vibaya kidogo.

Mpwa wangu, ulimfundisha mtoto kudanganya. "Anakwenda maktaba," kiangazi kizima. Unanieleza habari ya mume mkali aliyeapa, na mimi naona mwanaume aliyekaa kitandani na noti za mtoto wake mkononi, zimefungwa na kibanio cha nywele, akifikiria jambo ambalo hakuna baba anayetaka kulifikiria. Dakika zile ulimpa wewe. Hata kama angekataa gofu siku ya kwanza, angekuwa amekataa gofu. Sasa anakataa gofu na uongo pamoja, na wewe unamjibu la gofu peke yake. Ndiyo maana hamsikilizani. Muombe radhi kwa hilo, mkiwa wawili, bila kutaja ufadhili wala chuo. Usiombe radhi ukamalizia na "lakini". Halafu nyamaza siku mbili.

Kisha umheshimu katika lile alilosema, kwa sababu hajatunga. Mimi nimebeba. Likizo mbili, Nairobi, mwaka 1983 na 1984, klabu nisiyoitaja. Mfuko wa ngozi wa wakati ule ulikuwa na uzito wa mtoto wa darasa la kwanza, na bwana niliyembebea aliniita "wewe" mashimo yote 18. Sikuruhusiwa kupita mlango wa mbele. Hakuna aliyeniuliza nasoma wapi. Hata leo bega langu la kushoto limeshuka kidogo, fundi cherehani ndiye anayelijua.

Na Marekani ilikuwa hivyo hivyo, kwa maandishi. Chama cha wachezaji wa kulipwa, PGA, kilikuwa na kifungu katika katiba yake tangu mwaka 1934 kinachosema wanachama wawe Wazungu tu. Kilifutwa Novemba 1961. Charlie Sifford, aliyeanza kubeba mifuko huko Charlotte akiwa na miaka 13, senti 60 kwa siku, 50 akimpa mama yake, alikuwa na karibu miaka 40 aliporuhusiwa kucheza pale alipostahili kucheza tangu ujana wake. Kwenye yale mashindano ya Masters ya Augusta, Georgia, makedi walikuwa Weusi kwa miongo, na mchezaji Mweusi wa kwanza, Lee Elder, naye kedi wa zamani, aliingia mwaka 1975. Mwanachama Mweusi wa kwanza wa klabu hiyo alipokewa 1990. Mwaka 1990, mpwa wangu! Kwa hiyo mumeo anaposikia mtoto wake anabebea wazungu mizigo wakicheza, pua yake inanusa kitu ambacho kilikuwepo kweli. Usimwambie ana mawazo ya kijijini. Neno mpagazi linamkaa mtu wa Ziwa Tanganyika mwilini, wala halihitaji kuelezwa.

Ambacho hajakijua, kwa sababu hakuna aliyempeleka akaone, ni kazi yenyewe. Kedi habebi tu. Anatembea kilomita nane au tisa kwa mzunguko, anajua ni yadi ngapi mpaka kwenye kibendera, anasawazisha mchanga, anasoma mteremko wa nyasi ambao mwenye mfuko haoni, na ikifika shimo la kumi huyo mwenye mfuko, ambaye ni wakili au daktari au mwenye kampuni, anamuuliza: "Unataka kusoma nini?" Saa nne za namna hiyo, mara hamsini kwa kiangazi. Mtoto wa mhamiaji anakosa kitu kimoja ambacho mtoto wa Winnetka, kule kwa matajiri, anacho bila kuomba: watu wazima wanaomjua kwa jina na wanaoweza kuandika barua. Babu yake alibeba magunia ya Kalundu na hakuna gunia lililomuuliza swali. Tofauti iko hapo, na sidhani utaweza kumwambia ikaingia. Aione.

Kwa hiyo fanya hivi. Mumeo ana dada yake mkubwa, au shangazi wa ukoo, popote alipo, Fizi au Kigoma au Arizona? Mpigie yeye kwanza. Mueleze ukweli wote, na uongo wako ukiwemo. Neno la dada mkubwa litamfikia mahali ambapo langu na lako hayafiki. Muombe amwombe ndugu yake jambo moja tu: asubuhi moja, akitoka kazini, asiende kulala, apande treni na binti yake pale Lunt aende naye mpaka klabuni. Binti aombe ruhusa kwa msimamizi wa makedi kabla. Klabu nyingi humkaribisha mzazi, na ikimkatalia baba kuona mahali mtoto wake anaposhinda, basi mimi mwenyewe nitakuwa upande wa mumeo na tutamtafutia klabu nyingine. Ziko nyingi kando ya reli hiyo.

Akifika aulize maswali yake, kwa Kiingereza chake kile kile. Nani anapanga kedi gani aende na nani? Kuna choo na chumba cha wasichana? Radi ikipiga inakuwaje? Malipo ni kiasi gani kwa mfuko, na nani anayaandika? Na hapa namjibu pia yule mama wa kanisani: wasichana makedi ni wengi, na chama kinachosimamia Evans kina hata mpango wa kuwaleta wasichana kutoka mbali, wakalazwa chuoni wiki kadhaa za kiangazi ili wabebe. Mchezo wenyewe ni wa watu wanne wanne uwanjani peupe. Lakini swali lake la usalama si la kijinga, ila liliulizwa kwa ubaya. Binti ajue kwamba akiona jambo lisilo sawa kwa mchezaji yeyote, anaweka mfuko chini, anarudi. Aambiwe hivyo na baba yake, si na wewe.

Ile 640 msiiguse. Ni ya mtoto, kaipata kwa miguu yake. Mfungulieni akaunti benki, na anunue daftari la kuandika tarehe na malipo, kwa sababu akipata zaidi ya dola 400 za kazi ya namna hii kwa mwaka, huenda akatakiwa kuwasilisha fomu ya kodi. Muulizeni anayewajazia kodi yenu. Nyinyi wawili muwe na fomu zenu za kodi zimekaa vizuri pia, hata kama zilikuwa chini ya kitanda cha watoto, kwa maana ufadhili huu unataka kuona mapato ya nyumba hadi senti.

Nisikufiche: si kila kedi mzuri anaupata. Wanachaguliwa, na mwishoni mtoto anasimama mbele ya chumba cha watu wazima anahojiwa. Anaweza kukosa. Kwa hiyo mshauri wa shule aulizwe leo kuhusu njia nyingine, wakati bado ni darasa la 10. Pell Grant ya serikali kuu, hadi dola 7,395 kwa mwaka wa masomo 2025–26. MAP, msaada wa karo wa jimbo la Illinois. Na kama yupo shule ya umma ya Chicago na alama zake ni wastani wa 3.0 kwenda juu, Star Scholarship inamlipia karo ya City Colleges, vile vyuo vya miaka miwili vya mji. Alama ndizo zinazohesabika kwenye njia zote, zikiwemo za Evans. Hukuniambia alama zake. Barua ndefu, boksi la viatu, suti ya jamaa, mama wa kanisani, na hisabati yake hukuitaja hata mara moja! Kama iko chini ya B, basi Jumamosi za klabu ziwe za klabu na Jumapili jioni ziwe za hisabati, na sasa hivi maktaba iwe maktaba kweli.

Mumeo akienda akaona, akarudi bado anakataa, usimpinge mbele ya mtoto. Niandikie tena. Lakini nadhani ataangalia nyasi zile kama mkulima, atauliza wanazikata mara ngapi kwa wiki, na njiani kurudi atakaa kimya. Kimya hicho usikikatishe kwa maneno. Mpe chai, mwache alale, ana kazi usiku.

Na mtoto avae soksi mbili mbili. Kilichonitoa mimi kazini mwaka 1984 hakikuwa yule bwana wa "wewe". Kilikuwa malengelenge ya kisigino.

Mjomba